Usiku wa Kwanza Usilale Song-Kol

Msafiri mmoja alitua Bishkek, mji mkuu wa Kirigizistani, alfajiri. Jioni ya siku hiyohiyo alikuwa ameshafika kwenye yurti kando ya Ziwa Song-Kol. Bishkek iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari; ziwa liko mita 3,016. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, mita 2,700, tena baada ya kutembea polepole. Yeye alikipita kimo hicho akiwa ameketi garini.

Yurti yenyewe haina kosa. Ni hema la mviringo la wafugaji, la mbao na sufu iliyoshindiliwa, na wenyeji hukukaribisha kwa mkate, siagi na chai. Kosa lilikuwa haraka.

Yeye na dereva wake walipokula mchana Kochkor, mji mdogo ulio njiani, mama mwenye nyumba ya wageni alimsihi alale hapo kwanza, mwili uzoee kimo. Akakataa, kwa kuwa yurti alishailipia. Gari lilipokuwa likipanda mlima, kichwa kikaanza kugonga. Akasema ni uchovu wa ndege. Jioni chakula kikamshinda. Akasema ni mafuta ya kondoo. Dereva akamuuliza, "Nibaki?" Akamwambia arudi zake.

Usiku jiko la samadi likazimika, na huko hata Julai baridi hufikia ya barafu. Akatapika, pumzi ikawa ya kubanwa, simu haina mtandao. Ikabidi mfugaji wa yurti ya jirani aamshwe, naye akamteremsha kwa gari lake gizani. Kadiri walivyoshuka ndivyo alivyopata nafuu.

Ndugu zangu, nani kati yetu hajawahi kuitetea pesa aliyokwisha kulipa? Mimi mwenyewe ningeweza kuumeza uchungu ule nikauita uchovu. Basi tulale Kochkor usiku mmoja au miwili. Nyumba za wageni za familia zipo, na yurti itasubiri. Kichwa kikiuma huko juu, tumwambie mwenyeji mapema. Tukianza kutapika au kupepesuka, tushuke usiku huohuo. Na dereva tumwombe alale hukohuko, hata kama itabidi tumlipie godoro na chakula chake.