Kura Isiyodai Kitu

Jumapili jioni ufuo wa Mama Ngina, hapa Mombasa, hujaa watu. Wapo waliotoka Majengo na Mji wa Kale, wapo waliovuka kwa feri kutoka Likoni, na wapo wenyeji wa Ganjoni na Kizingo waliokuja kupunga upepo. Huku mihogo ya kukaanga ikitiwa pilipili na ndimu, chini ya mibuyu mikongwe, siasa haikosekani. Ukitega sikio, utasikia zaidi nani atamshinda nani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza yule tuliyemchagua ametufanyia nini.

Ufuo huu umo katika eneo bunge la Mvita, na historia ya kura za Mvita inafundisha mengi. Shariff Nassir alilishika kwa tiketi ya KANU tangu 1974 hadi 2002, akapita katika upigaji kura wa mlolongo wa 1988, na akastahimili hata wimbi la vyama vingi la 1992, mwaka ambao Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili na vijana wa mji wakaingia barabarani. Kisha likaja wimbi la NARC, Najib Balala akamng'oa. Mwaka 2007 Balala huyo huyo alirudi bungeni kwa ODM. Alipokihama chama hicho na kuwania useneta wa Mombasa mwaka 2013 kwa chama chake mwenyewe, alishindwa. Mwaka huo kiti cha Mvita kilimwendea Abdulswamad, mwana wa Shariff Nassir, naye mwaka 2022 akawa gavana.

Mtu wa nje akiitazama orodha hiyo atasema watu wa Mombasa hufuata nyumba na chama. Kuna ukweli ndani yake, na sioni aibu kuukubali. Kumheshimu mtoto wa watu uliowajua ni tabia njema ya mji wetu. Kushikamana na Raila Odinga katika chaguzi nne mfululizo, kuanzia 2007 hadi 2022, nako kulikuwa na sababu: Pwani ilihisi imesahauliwa na Nairobi, ikamwona yeye kama mwenzake katika kusahauliwa huko. Hisia hiyo ina mizizi mirefu. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 wapo waliotaka Mwambao, yaani ukanda wa pwani, ujitenge, na Ronald Ngala na chama chake cha KADU walipigania majimbo. Tarehe 8 Oktoba 1963 yakatiwa saini London makubaliano ya kuukabidhi ukanda huo kwa Kenya, na mwananchi wa kawaida wa mji huu hakuulizwa kwa kura.

Kinachonisumbua ni heshima ya upande mmoja. Kura ikishajulikana itakwenda wapi, anayeipokea hana haja ya kuibembeleza, na anayeikosa hana haja ya kuja. Majengoni bado kuna familia zinazomiliki kuta na paa huku ardhi ikiwa ya mwingine anayelipwa kodi. Kijana wa Kiislamu alipokwenda kuomba kitambulisho, mara nyingi alitakiwa ushahidi wa baba na babu ambao mwenzake wa kwingine hakutakiwa. Mambo haya yametajwa kwenye majukwaa uchaguzi baada ya uchaguzi, na walioyataja wamechaguliwa.

Wengine wameamua kutokwenda kabisa. Agosti 2022 Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zenye wapiga kura wachache zaidi: chini ya nusu ya waliojiandikisha, ilhali nchini kote walikaribia asilimia 65. Nawaelewa waliobaki nyumbani. Mtu aliyeahidiwa hatimiliki tangu ujana wake, na sasa ana wajukuu, ana haki ya kuchoka. Ila anayewania hahesabu huzuni ya aliyelala. Anahesabu kura zilizomo sandukuni. Zikiwa chache, humgharimu kidogo kuzipata, na hapo ndipo leso na noti ya siku ya mwisho zinapopata nguvu.

Tumefundishwa tangu madrasa kwamba amana ina hesabu, kwa aliyepewa na kwa aliyetoa pia. Sisi tumekuwa wepesi wa kutoa, wazito wa kudai hesabu. Tunamwonea haya mheshimiwa akija kwenye maziko na harusi zetu, tunampa kiti cha mbele, na swali la ardhi tunalimeza pamoja na kahawa. Kumuuliza si kumkosea adabu.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Ndugu yangu, hakikisha jina lako limo kwenye daftari, na mpeleke kijana wako akajiandikishe. Mgombea akija barazani kwenu, awe wa nyumba yoyote na chama chochote, muulize ardhi ya Majengo amepanga kuifanya nini na kwa fedha zipi, usikilize jibu lake hadi mwisho, kisha uende kupiga kura.