Bahari Nayo Iwekewe Wakfu

Hapa Timbwani, Likoni, samaki tunamjua kwa kumtazama tu. Mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, akishafunua matamvua ya changu, hana haja ya kuambiwa alitoka majini lini. Tunajua wa kupakwa, wa kukaangwa na wa kurudishiwa mwenyewe. Swali moja hatuna mazoea nalo: huyu samaki ana miaka mingapi?

Wanasayansi wamekuwa wakiliuliza, na majibu yao ya miaka ya karibuni yamenikosesha raha.

Mchukue samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walidhani alikwisha duniani zama za madainosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Halafu Desemba 1938 akapatikana mmoja kwenye samaki walioletwa na meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, ndiye aliyetambua kuwa huyo si samaki wa kawaida. Mwaka 1952 wa pili akathibitishwa Komoro. Mwaka 2001 akanaswa mmoja karibu na Malindi, na tangu miaka hiyo wavuvi wa Tanga wamekuwa wakiwakuta kwenye majarife waliyotega maji makuu kwa ajili ya papa. Hakuna aliyetoka nyumbani kumtafuta silikanti. Nyama yake imejaa mafuta na humharisha mlaji. Anakufa kwa mtego wa mwingine. Tanzania ilimtengea hifadhi ya bahari huko Tanga mwaka 2009.

Juni 2021 watafiti wakiongozwa na Mfaransa Kélig Mahé walitangaza umri wake. Walichukua magamba ya silikanti 27 waliotoka Komoro, wakayaangalia kwa mwanga maalumu unaoonyesha duru nyembamba ambazo watangulizi wao hawakuziona. Kabla ya hapo ilisemwa anaishi miaka 20 hivi. Kumbe mmoja wao alikuwa na miaka 84, na hesabu yao inaonyesha anaweza kukaribia 100. Mimba yake huchukua kama miaka 5. Jike hapevuki mpaka akaribie miaka 60.

Hebu piga hesabu nami. Silikanti jike aliyezaliwa mwaka Kenya ilipopata uhuru, huenda sasa ndiyo kwanza anaanza kuzaa. Jarife la usiku mmoja linatosha kumaliza safari hiyo yote.

Utasema silikanti yuko mbali na sahani yako. Basi tumzungumze papa, ambaye hayuko mbali hata kidogo. Papa wengi nao huchelewa kupevuka, na watoto wao huwa wachache. Januari 2021 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliokadiria kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Tunawavua kwa kasi wasiyoweza kuifidia kwa kuzaa.

Umri mrefu wa samaki kama papa nao hutufuata jikoni. Zebaki inayotokana na moshi wa makaa ya mawe na uchimbaji mdogo wa dhahabu huishia baharini. Vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia kwa samaki mdogo, kisha kwa mkubwa anayemla, na kadiri mkubwa huyo anavyoishi ndivyo inavyozidi kujilimbikiza mwilini mwake. Sumu hiyo hulenga ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana wataalamu wa afya katika nchi nyingi huwashauri wajawazito waepuke nyama ya papa. Hilo lisimtishe mtu akaacha samaki. Huko Shelisheli watafiti wamefuatilia kwa miongo kadhaa watoto wa akina mama wanaokula samaki karibu kila siku, na hawakukuta madhara waliyoyaogopa. Samaki ni chakula chema. Mjamzito na ale tafi na dagaa, ambao hawakuishi muda wa kutosha kubeba mzigo huo.

Sasa nije kwenye linalonikaa moyoni. Subira huvuta heri, tunaambiana. Lakini subira tunayoisifu ni ya kungoja kilicho chetu: mume arudi safari, kesi iishe, mvua inyeshe. Bahari inatudai subira ya kungoja atakachokula mjukuu wa jirani. Anayemwachia silikanti mchanga leo hatauona uzao wake.

Hata hivyo subira hiyo si ngeni Pwani. Wazee wetu waliiita wakfu. Mtu alitoa nyumba au shamba lake, na tangu siku hiyo halikuuzwa wala kurithiwa. Yalitumika mapato tu: msikiti ukaezekwa, yatima wakasoma. Mwenyewe alikufa, manufaa yakaendelea. Mombasa ina tume ya kusimamia mali hizo tangu enzi za mkoloni. Nchi kavu tunajua vizuri kwamba kuna mali isiyoguswa ili faida yake isikatike. Tukishafika majini tunajifanya hatujui.

Wapo waliokwisha kuanza. Kuruwitu, Kilifi, wanajamii walifunga eneo la hekta 30 mwaka 2005, wakakubaliana lisivuliwe, samaki wazaane humo na watoke nje wenyewe. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Najua jibu la mvuvi wa hapa Likoni: ada ya shule haingoji samaki apevuke. Ana haki. Lakini wakfu haukuwekwa na maskini. Uliwekwa na wenye nacho. Kwa hiyo mzigo huu usitupiwe mwenye mtumbwi peke yake. Serikali ya kaunti na matajiri wanaonunua samaki ufuoni ndio watangulie: wamwezeshe mvuvi kupata nyavu halali na kufika kwenye maji ya mbali, kisha ndipo BMU, yaani kamati ya kusimamia ufuo, ikae na wavuvi kuchagua sehemu ya kufungwa. Sisi walaji tuache kununua papa wachanga. Mali ya wajukuu haiuzwi kwa kilo.