Yako, Lakini Huwezi Kumpa Mtu

Juni 2013, Sony walitoa video isiyofika hata sekunde thelathini. Mwanamume mmoja ameshika kasha la gemu. Anampa mwenzake aliyesimama kando. Mwenzake anasema asante. Basi, video imeisha. Ilikuwa dhihaka kwa Microsoft, ambao Mei walikuwa wametangaza Xbox One, na mapema Juni wakaeleza masharti yake: konsoli iingie mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na ukitaka kumpa rafiki diski yako, awe amekaa kwenye orodha yako ya marafiki siku 30, na uipeane mara moja tu. Wachezaji waliwaka. Tarehe 19 Juni Microsoft wakarudi nyuma. Sony wakapigiwa makofi kwa kutetea jambo ambalo kila mtoto wa mtaani analijua bila kufundishwa: kitu ni chako, unampa unayetaka.

Sasa ruka hadi Novemba 2024. Sony hao hao wanauza PlayStation 5 Pro, na haina mahali pa kuingiza diski. Ukitaka kisomaji cha diski unakinunua kando, na siku ya kukifunga lazima konsoli iingie kwenye intaneti ndipo kikubali kufanya kazi. Kelele zilikuwepo, ila si zile za 2013. Katika miaka kumi na moja tulizoea kitu fulani. Nataka kujua ni nini hasa tulichozoea, na kama tulipaswa kukizoea.

Ubishi wa diski na daunlodi kwa kawaida huwa ni wa starehe dhidi ya mapenzi ya zamani. Huyu anasema kupakua ni rahisi: hutoki nyumbani, hakuna mikwaruzo, gemu ikitoka usiku wa manane unaicheza usiku wa manane. Yule anasema anapenda kuona makasha yamepangwa kwenye rafu. Huku kwetu tunaongezea suala la bando. Gemu moja ya PS5 inaweza kupita GB 100. Kama mna faiba kwa nyumba, unalala, ukiamka iko tayari. Kama unategemea data ya simu, bando linakuwa bei ya pili juu ya bei ya kwanza. Hayo yote ni ya kweli, na kila mtu ajipimie mfuko wake. Lakini hayo ni maswali ya mfuko. Chini yake kuna swali la haki, nalo halijibiwi na kasi ya intaneti.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini nilikaa darasani muda wa kutosha kukutana na mgawanyo mmoja wa wanasheria wanaofuata mapokeo ya Roma. Wanasema kumiliki kitu ni mambo matatu. Kwanza, kukitumia. Pili, kuvuna matunda yake, yaani kupata faida kutokana nacho. Tatu, kukiondosha mikononi mwako: kukiuza, kumpa mtu, kukirithisha, hata kukivunja ukiamua. Ukiwa na la kwanza peke yake, wewe ni mpangaji. Nyumba unalala ndani, lakini si yako.

Weka diski kwenye mizani hiyo. Unaicheza. Ukichoka nayo unaipeleka mjini, kwenye vile viduka vya ghorofani ambako vioo vimejaa makasha, unaongeza kitu kidogo na kuondoka na nyingine. Unaweza kumwazima jirani akakaa nayo miezi mitatu, na ikirudi na alama za vidole mnakosana siku mbili. Ukioa na maisha yakakaza, unampa mdogo wako mkoba mzima. Na kule mtaani, mwenye kibanda cha PS ana TV mbili, konsoli mbili na diski chache za mpira. Watoto wanalipa kwa mechi. Anavuna matunda, na kodi ya nyumba inalipwa.

Daunlodi nayo? Unaicheza. Hapo ndipo inapoishia. Masharti ya Steam, kwa mfano, yanasema wazi kwamba akaunti haihamishwi kwa mtu mwingine. Si kwa kuuza, si kwa wosia. Ukifa leo na gemu mia tatu kwenye akaunti, kwa masharti hayo umekufa bila hata moja ya kumwachia mtu.

Mtu ataniambia, buda, hata diski huja na masharti. Ni kweli. Ukisoma maandishi madogo, ile diski ya kibandani pengine haikuruhusiwa kuchezwa kwa malipo. Lakini tazama sharti lenyewe linavyofanya kazi. Sharti la kwenye diski linahitaji binadamu wa kulitekeleza. Lazima mtu atoke ofisini, apande gari, afike mtaani, aone watoto kumi wakishangilia bao, kisha aamue kama kweli kesi hii ina maana. Katikati ya sharti na adhabu kuna nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo zinamokaa huruma, busara na hata uvivu, ambao nao umewaokoa wengi. Sharti la kwenye daunlodi halimhitaji mtu. Linajitekeleza lenyewe. Huwezi kumwazima jirani, si kwa sababu ni kosa, bali kwa sababu kitufe hakipo. Huwezi hata kukosea. Na mtu asiyeweza kukosea hawezi pia kuchagua kutenda wema.

Hapo ndipo ninapoona jambo zito. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Walimaanisha kwamba anayetoa hahitaji kuwa na vingi, anahitaji kutaka tu. Msemo huo unategemea jambo ambalo hawakuwa na haja ya kulitaja: kwamba kitu kilicho mkononi kinaweza kutoka mkononi. Sisi ni kizazi cha kwanza kuwa na mali ambayo moyo wake hautoshi. Una gemu hamsini, jirani hana hata moja, unataka kumpa, na huwezi. Vitabu vya kwenye simu ni hivyo hivyo. Nyimbo na filamu ni hivyo hivyo. Kidogo kidogo tunajazwa vitu ambavyo tunaweza kuvitumia lakini hatuwezi kuvitoa, na mtu aliyejaa vitu asivyoweza kutoa anafanana sana na bahili, hata kama moyo wake ni mkunjufu.

Tena mkononi mwetu hata huo upangaji una ufa. Kwa miaka mingi Kenya haikuwa kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network. Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma haipo rasmi. Watu walijua la kufanya, si unatujua: unafungua akaunti ukisema unakaa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, kisha unanunua kadi ya zawadi ya nchi hiyo kwa mtu mjini anayelipwa kwa M-Pesa. Inafanya kazi. Lakini fikiria maana yake. Pesa ni zako za kweli, jasho ni la kweli, ila aliyenunua gemu ni mtu asiyekuwepo, mwenye anwani asiyoijua. Siku mambo yakiharibika, unaenda kudai haki kwa jina la nani? Diski haikuulizi unatoka wapi.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna hoja tatu dhidi yangu, na zote zina uzito.

Ya kwanza: diski za leo zimekuwa maganda. Nyingine zinakuja na gemu nusu, na nusu ya pili unapakua. Kwenye Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, kuna kadi ambazo gemu haimo kabisa. Kadi ni ufunguo tu wa kuipakua. Halafu kuna The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya mwaka 2014 iliyohitaji mtandao hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa. Aliyekuwa na diski na aliyepakua walibaki sawa: mikono mitupu. Nakubali. Plastiki yenyewe haina utakatifu. Ninachotetea ni ile nguvu iliyokuwa ndani ya plastiki, na mtu anaweza kuitoa hiyo nguvu bila kuigusa plastiki.

Ya pili: daunlodi imewafungulia mlango watu ambao diski iliwafungia. Mwaka 2016, studio ya Kiro'o Games kutoka Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan kupitia Steam. Kuchapa maelfu ya diski, kuzipakia kwenye meli na kuzipangia rafu Ulaya si kazi ya studio changa ya Kiafrika. Bila kupakua, gemu hiyo ingebaki kuwa stori ya mtaa mmoja. Kwa hiyo yeyote anayesema daunlodi ni uovu hajafikiria nani anaingia sokoni kupitia kwayo.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi: diski ikiuzwa mara ya pili, mtengenezaji hapati kitu. Ikizunguka mikono sita, amelipwa mara moja. Mimi naishi kwa kuandika, najua uchungu wa kazi kusambaa bila malipo kurudi. Lakini mtengenezaji alilipwa kwa nakala ile. Fundi wa viti hadai chake kila mgeni mpya anapokaa. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ililisema hili mwaka 1908, katika kesi ya mchapishaji aliyetaka kupanga bei ambayo vitabu vyake vingeuzwa na wengine baada ya yeye kuviuza: ukishauza nakala, mamlaka yako juu ya safari yake yamekwisha. Na ukitaka kulipwa kwa kila mtu anayecheza, sawa, huo ni upangaji. Sema basi kwamba unapangisha, na utoze bei ya upangaji. Kinachoniuma ni bei ya kununua kwa haki za kupanga.

Hapo kwenye kusema ukweli, wengine wameanza. Tangu 1 Januari 2025, sheria ya California inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Ulaya, zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka hata baada ya kampuni kuacha kuihudumia. Ni hatua nzuri, ila zote zinalinda lile jambo la kwanza, kutumia. La tatu, kutoa, haziligusi.

Na tusidanganywe kwamba haiwezekani kiufundi. Mwaka 2025 Nintendo walileta njia ya kumwazima mtu gemu uliyopakua: inatoka kwako, inaenda kwake, na wewe huwezi kuicheza mpaka irudi, kama diski tu. Masharti ni kwamba awe kwenye kundi la familia uliloliandikisha, na muda ni wiki mbili. Kwa hiyo mashine inajua kutoa. Walioamua nani ni familia na azime kwa siku ngapi ni watu, ofisini.

Sisemi mtu atupe konsoli yake au arudi mjini kununua diski kwa kanuni. Wengi wetu tutaendelea kupakua. Ninachoomba ni tuache kupima biashara hii kwa swali la "nitaicheza?" peke yake. Kabla ya kubonyeza, jiulize pia: hii naweza kumpa nani? Kama jibu ni hakuna, basi bei iwe ya kitu kisichopewa mtu, na tusiache kuidai hiyo haki kwa sababu tu hatujawahi kuitumia wiki hii.

Septemba 2023, EA waliondoa gemu zao za zamani za FIFA kwenye maduka ya mtandaoni. Huko huwezi tena kununua FIFA 23. Kibandani bado ipo. Kasha limepasuka, karatasi ya jalada imefifia kwa jua, na jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa kwa kalamu juu ya diski. Alimwuzia mtu, mtu yule akampa binamu, binamu akamletea mwenye kibanda. Leo saa kumi, watoto wakitoka shule, itachezwa.