Mpaka wa Bustani

Msomaji, mtu akipanda ua katika kiwanja chake mwenyewe, kwa jembe lake na jasho lake, je, yuko mwingine mwenye haki ya kumwuliza neno? Wengi watajibu mara moja kuwa hayuko. Nami naomba tusifanye haraka, bali tulitazame kwanza ua lenyewe.

Liko ua jeupe liitwalo kala. Asili yake ni Afrika ya Kusini, ambako humea katika mitaro na mabonde ya maji pasipo mkulima. Katika nyanda za juu za Kenya, penye baridi na unyevu, hustawi vilevile, na mabibi arusi hupenda kulishika mkononi. Hicho cheupe tukisifucho ni jani lililojikunja mfano wa tarumbeta. Maua ya kweli ni madogo mno, yamebanana juu ya kidole cha manjano kilichosimama katikati. Mmea huu ni ndugu wa majimbi, yaani nduma, na kama nduma mbichi huwasha kinywa na koo, kwa sababu ndani yake mna chembe zilizochongoka kama sindano. Mtoto au ng'ombe akiutafuna ataumia.

Huko kwao una wa kuupunguza: nungu huchimbua matunguu yake wakayala. Lakini ulipopelekwa Australia ya Magharibi kuwa pambo, ua liliruka ua. (Lugha yetu yaita kwa neno moja kipambacho bustani na kiizungukacho.) Ndege walisambaza mbegu, maji yakachukua vipande vya matunguu, vijito na malisho vikajaa, hata sheria ikautangaza kuwa gugu. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini, na watu wakalieneza duniani kwa kupenda uzuri wake. Katika miaka ya 1990 lilifunga njia za mashua za wavuvi wa Ziwa Victoria.

Mwenye bustani atasema, "Aliyesia ni ndege, si mimi." Hoja hii hainiridhishi. Ndege hajui alitendalo. Aliyenunua tunguu ana macho, tena ana watu wa kuuliza. Maji yapitayo kwake hayakuanzia kwake wala hayaishii kwake, na jirani aishiye chini ya mto hakupewa nafasi ya kukubali wala kukataa. Hata hivyo, sikubaliani na watakao ua hili lipigwe marufuku kila mahali. Huko ni kuadhibu mmea kwa uzembe wa mtu.

Kwa wengi wetu chungu chaweza kumaliza shauri hili: chombo cha upana wa sentimita 30 hivi, chenye tundu chini, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na jua la asubuhi. Kala jeupe hupenda maji mengi. Yale ya manjano na waridi huoza yakilowa mno, nayo hutaka kupumzika pakavu baada ya kuchanua. Aliye mbali na mto apande ardhini akitaka. Aliye kando ya mto, naye hawezi kujizuia, akate vikonyo kabla matunda hayajaiva. Na matunguu ayang'oayo asiyatupe majini, bali ayaanike juani hata yakauke kabisa, mahali wasipofika watoto.