Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: "Hatujui" si "Hakuna"



Ndugu yangu mfungaji, mtoto wa jirani anaumwa. Kapimwa hapa Maramba, kapimwa mjini Tanga, ugonjwa haujapata jina. Je, wewe unadaiwa nini kwake?

Wengi wetu tuna haraka ya kujibu: "Kachezewa huyo." Halafu macho yote kwa bibi mmoja pale mtaani. Mtoto hajapona, na sisi tumeshamtuhumu mtu bila ushahidi, tena na saumu zetu.

Sikiliza habari ya Mahenge, Morogoro. Miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliwakuta wenye kifafa wametengwa. Watu waliogopa mate yao, wakala peke yao. Kumbe kifafa hakiambukizwi kwa mate. Akawafungulia kliniki, akawapa dawa. Lakini akaona pia watoto wanaoinamisha kichwa tena na tena, kama wanaosinzia. Hilo hakulijua. Hakulizulia jibu, aliandika alichokiona. Miaka mingi baadaye watoto kama hao wakaonekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na maandishi yake yakawafaa watafiti. Leo dalili nyingi zinaelekea kwenye minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa kwenye mito. Namna hasa inavyotokea bado inatafutwa.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoshushwa bila dawa yake, wapo wanaoijua na wapo wasioijua. Basi daktari akisema "sijui", kasema kweli, na mlango wa kutafuta uko wazi. Anayezua jibu ndiye anayeufunga.

Utasema, "Na kuridhika na qadar je?" Ridhika moyoni, miguu iendelee kutafuta. Subira haijamkataza mtu kwenda hospitali.

Kwa hiyo leo zuia ulimi wako. Mkaribishe yule mtoto kwenye sinia ya futari, ale na wenzake. Mchangie mzazi wake nauli ya hospitali ya rufaa, na mkumbushe abebe vyeti vyote. Mtoto akishikwa, aandike siku na saa, na kama kuna simu amrekodi, daktari atasaidika.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, uwape elimu wanaowatafutia dawa, na utusamehe dhana zetu mbaya. Amin.

Ramadhani Karim. Mtumie na mwenzio.