Uwanja Mpya Juu ya Ardhi Mpya

Uwanja wa gofu huhukumiwa mapema mno. Siku unapofunguliwa, nyasi hazijashika mizizi sawasawa, miti ya kivuli bado michanga, na mifereji haijaonja mvua nzito hata moja. Hata hivyo wapo tayari wanaousifu na wanaouponda. Inafaa kuuliza kinachohukumiwa hapo ni usanifu, au ni upya wenyewe.

Usanifu wa uwanja ni uamuzi: shimo likae wapi, upepo umpige mchezaji upande gani, mtego wa mchanga uwekwe vipi ili jasiri apate njia fupi na mwoga apate njia ndefu iliyo salama. Nyasi ni vazi tu. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1790, alitenganisha uzuri huru, kama wa ua, na uzuri unaofuata kusudi la kitu, kama wa kanisa au wa farasi. Uwanja wa gofu uko katika kundi la pili. Picha ya machweo juu ya shimo la mwisho haithibitishi lolote kuhusu ubora wake, ingawa picha za namna hiyo ndizo zinazouza nyumba zinazouzunguka.

Mwanafalsafa mwingine, David Hume, katika insha yake ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alimtaka hakimu awe na mazoea, awe amelinganisha vingi, na asiwe na upendeleo. Kisha akauachia wakati kazi ya kuthibitisha. Uwanja mpya hauna wakati huo. Augusta National ya Marekani ilifunguliwa mwaka 1933, na baada ya mashindano yake ya kwanza ya 1934 mashimo tisa ya mwanzo na tisa ya mwisho yakabadilishana nafasi. Aliyetoa hukumu yake mwaka ule wa kwanza alihukumu mpangilio ambao haukudumu. Hali ni hiyo kwa uwanja wa Kigali, uliochorwa upya na kampuni ya mchezaji gofu Gary Player: sifa zake za mwanzo, hata kama ni za haki, ni za muda.

Hoja ya wakati huwa nzito zaidi pale ardhi yenyewe inapokuwa changa. Kibati, kaskazini ya Goma nchini Kongo, katika teritware ya Nyiragongo, haina uwanja wa gofu. Ina barabara ya Rutshuru, njia ya wapandaji wa volkano, na mawe meusi. Lava ilishuka kutoka mlima Nyiragongo Januari 1977, tena Januari 2002 ikapita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, tena usiku wa 22 Mei 2021 ikakomea pembezoni mwa mji. Kuna mwamba hapa ambao umri wake ni mdogo kuliko wa mtoto wa shule.

Gofu juu ya lava si ndoto. Huko Hawaii, msanifu Robert Trent Jones alijenga uwanja wa Mauna Kea, uliofunguliwa mwaka 1964, kwa kuponda miamba hadi ikawa udongo wa kubeba nyasi. Wachezaji huusifu kwa mashimo yake. Lakini mazoea anayoyadai Hume si ya mchezaji peke yake. Mkulima wa Kibati anayepanda maharagwe kati ya mawe anajua maji ya mvua hupotelea wapi, udongo mzuri umejificha wapi, na watu hukimbilia upande gani mlima ukiwaka. Mnamo 2008 kambi za waliokimbia vita zilijaa hapa, na kila kipande kilichokuwa tambarare kilipata hema. Uwanja ambao ungetaka tambarare hiyo hiyo haungeweza kupimwa kwa mashimo pekee, kwa kuwa kusudi analolizungumzia Kant hapa si la mchezo tu: ardhi ilikuwa na kusudi kabla ya msanifu kufika. Mwenye kujua gofu anaweza kuhukumu mitego na upepo. Mahali penyewe panamhitaji hakimu mwingine, na kwa kawaida huyo haalikwi siku ya ufunguzi.