Mshindi Hajulikani Siku ya Kwanza



Sisi watu wa Muleba tunaijua baiskeli tangu zamani. Imebeba mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, wagonjwa, na hata bibi arusi. Aliyeisukuma akipanda Kamachumu hahitaji kufundishwa maana ya mlima. Basi yatupasa kuyatazama mashindano ya majirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya Rusumo. Mbio zao za kuizunguka nchi zilianza mwaka 1988, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani.

Mbio za namna hii haziishi siku moja. Kila siku ina safari yake, kisha saa za siku zote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hiyo mtu aweza kushangiliwa leo, na mwisho asionekane. Tena Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda Tour de France ya mwaka 2017 pasipo kuwa wa kwanza hata siku moja ya mbio zile.

Je, hilo halituhusu? Arusi ni siku moja. Ndoa ni siku zote. Wako waume waliofunga ndoa kwa ngoma na vigelegele, wakaenda visiwani kuvua samaki, wakiahidi kurudi baada ya mwezi. Watoto wamekua, baba hawamjui. Mtakatifu Paulo aliwapa Wakorintho mfano wa wakimbiaji, naye hakumsifu aliyeanza vizuri, bali ampataye taji.

Liko na jambo la pili. Hakuna ashindaye mbio hizo peke yake. Wenzake humkinga upepo, humletea maji, na gurudumu lake likiharibika, mmoja wao humpa la kwake. Na watangulizi hupokezana zamu ya kukaa mbele, kwa maana akaaye mbele daima huchoka upesi. Tuulizane, enyi akina baba: nyumbani mwetu ni nani akatao upepo kila siku? Mama hulima, huchota maji, hutafuta kuni, humpeleka mtoto zahanati usiku. Nasi twafuata nyuma yake, kisha twajiita kichwa cha nyumba! Kichwa na kishike zamu yake.

Mwisho, tumkumbuke Gino Bartali, Mkatoliki wa Italia, mshindi wa Tour de France miaka ya 1938 na 1948. Wakati wa vita alificha hati ndani ya bomba za baiskeli yake, akazisafirisha ili Wayahudi waliowindwa wapate kuokoka. Kama angalikamatwa, angalipoteza uhai. Hakupenda kujisifia tendo hilo. Alifariki mwaka 2000, na heshima ya Yad Vashem ikaja mwaka 2013. Ushindi wake mkubwa kuliko yote haukuwa na watazamaji.

Basi, aliyekaa mbali na arudi. Aliyechoka na asaidiwe. Anayetenda mema pasipo kuonekana na asikate tamaa. Papa Pio XII alimweka Mama Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa wapanda baiskeli mwaka 1949. Mama huyo na atuombee nasi, tuufikishe mzigo wetu nyumbani.